Chujio la Maji la Safari ya Mtumbwi: Mwongozo kwa Anayeondokea Mbegani

Machujio mengi ya maji ya mkononi yanayouzwa leo yalibuniwa na watu waliokuwa wakifikiria kijito cha mlimani: maji meupe, ya baridi, yanayopita juu ya mawe. Wewe unaondokea Mbegani. Mbele yako ni ghuba ya maji chumvi iliyokingwa na rasi ya mchanga ya Luale, pembeni mikoko, na ukishapita Kaole na mji wa Bagamoyo kuelekea kaskazini unaukuta mlango wa mto Ruvu, ambao wakati wa masika maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Chujio linalosifiwa na wapanda milima wa Marekani linaweza kukugomea hapo kabla hujajaza sufuria ya ugali.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza chujio gani ni zuri, jiulize maji yako utayateka wapi. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua ununue nini, na mara nyingine litakuambia usinunue kitu.

Chumvi kwanza

Hakuna chujio la kawaida la mkononi linalotoa chumvi. Hata lile lenye matundu madogo kuliko yote dukani hukamata vitu vinavyoelea majini, yaani tope, mayai ya minyoo, bakteria. Chumvi haielei, imeyeyuka, na hupita pamoja na maji yenyewe. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Utayachuja yatoke meupe, na bado yatakukausha mwili badala ya kukunywesha.

Vipo vifaa vidogo vinavyoondoa chumvi kwa kuyasukuma maji kwa shinikizo kubwa kwenye utando maalumu. Kinachojulikana zaidi ni Katadyn Survivor 06, pampu ya mkono inayowekwa kwenye maboya ya kujiokolea ya mabaharia. Inazidi dola elfu moja za Marekani, na ukiipampu bila kupumzika hukupa chini kidogo ya lita moja kwa saa. Ni kifaa cha kuokoa roho ya mtu aliyepotea baharini. Kwa watu wanne wanaotaka kupika wali na kunywa chai, kisahau.

Maana yake ni hii: ukienda kulala rasi ya Luale, au kwenye fungu lolote la mchanga mbele ya Bagamoyo, chujio halina kazi huko. Hakuna cha kuchuja. Beba maji kutoka bara, kama wafanyavyo wavuvi wanaolala dago. Muulize yeyote kati yao mambo ya kambi, atakuanzia na habari ya madumu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu anayepiga kafi juani anahitaji lita tano kwa siku kwa kunywa na kupikia, na hapo hajaoga. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 60: madumu matatu ya lita 20, kilo 60 ndani ya chombo, sawa na kumbeba mtu wa tano. Ngalawa inayabeba bila shida, mtumbwi mwembamba utalalamika. Ongeza akiba ya siku moja, hasa msimu wa kusi. Ukitoka Mbegani kwenda kaskazini kusi inakusukuma na safari inakuwa raha tupu. Kurudi unaikabili usoni, na watu wengi wanaoishiwa maji huishiwa siku ya kurudi.

Jambo la mwisho kuhusu chumvi. Usilijaribu chujio lako kwenye maji ya bahari ili uone linavyofanya kazi. Maji hayo yakikaukia ndani huacha chembe za chumvi zinazoziba matundu.

Kuteka maji mtoni

Chujio huanza kuwa na maana unapoingia mtoni, Ruvu au Wami. (Wami unaingia baharini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, huko usiweke kambi bila kibali na malipo ya TANAPA. Mikoko nayo, popote ilipo, ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga chandarua na kukata kuni.)

Karibu na mlango wa mto, bahari huingia na kutoka kila siku mara mbili. Maji yakijaa, chumvi hupanda mto. Yakipwa, maji baridi hushuka. Wakati mzuri wa kuteka ni mwisho wa kupwa, kabla maji hayajageuka. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, chumvi hupanda mbali zaidi kuliko siku za maji mafu, basi pale ulipoteka maji matamu wiki iliyopita huenda leo pakawa na ladha nyingine. Maji chumvi ni mazito na hukaa chini, maji baridi huelea juu yake. Teka juu juu, usizamishe ndoo.

Kiangazi kirefu huharibu mahesabu haya. Mwishoni mwa Oktoba 2022 Ruvu ulipungua kiasi kwamba DAWASA ikatangaza mgao wa maji Dar es Salaam. Mto ukidhoofika namna hiyo hauna nguvu ya kuisukuma bahari irudi nyuma, nawe itakubidi upande mbali zaidi kabla ya kuteka.

Onja tone ulimini na uteme. Ukihisi chumvi, endelea kupanda mto. Asiyeuamini ulimi wake anunue kijikalamu cha kupimia chumvi, kidogo, cha betri, kinachosoma miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakivuka takriban miligramu 1,000 kwa lita huanza kuwa mabaya kunywa kwa ladha yake. Lakini usije ukadanganyika: kijikalamu hicho kinapima chumvi na madini tu. Hakijui kipindupindu ni nini. Wapo wauzaji wanaokionyesha kama kipimo cha usalama wa maji, na huo ni uongo mtupu.

Teka ukiwa chomboni, mahali maji yanapotembea, kwa ndoo iliyofungwa kamba. Ruvu na Wami ina mamba na viboko, na mtu aliyechutama ukingoni kajiinamia majini ndiye mamba anayemsubiri. Hapa ndipo ninapowakatia tamaa wapenzi wa mrija wa kunyonyea, ule unaochovya mtoni na kunywa moja kwa moja. Kwenye picha za matangazo kuna kijana kalala kifudifudi ukingoni, ananyonya maji, anatabasamu. Aje Ruvu.

Ipo sababu nyingine ya kutoingia majini kwa miguu, nayo ni kichocho. Kwenye madimbwi, mashamba ya mpunga na vijito vinavyokwenda polepole, viluwiluwi vya kichocho hupenya ngozi. Chujio lolote zuri huvikamata kwenye maji ya kunywa, lakini mguu wako hauna chujio.

Jifunze kwa mtambo wa Ruvu Chini

Maji ya bomba ya Bagamoyo na ya sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni Ruvu huu huu. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 na baadaye kupanuliwa hadi uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, unayachukua maji ya tope na kuyafanya ya kunywa. Ukitazama mpangilio wa kazi yake utaona jambo ambalo wauza machujio hawakuambii: kuchuja hakuji mwanzo. Kwanza hutiwa dawa ya kugandisha tope, kisha maji hutulizwa tope lizame, kisha ndipo yanachujwa kwenye mchanga, na mwisho hutiwa klorini. Chujio ni hatua ya katikati.

Mtumbwini fuata mpangilio ule ule kwa udogo wake. Anayeruka hatua ya kwanza huziba chujio siku ya kwanza. Anayeruka hatua ya mwisho huacha mlango wazi kwa virusi.

Kutuliza kunahitaji ndoo na subira. Jaza jioni, funika, asubuhi mimina taratibu maji ya juu na uache tope chini. Masika, tope la Ruvu ni laini mno na usiku mmoja hautoshi. Hapo tumia shabu, kipande kidogo ukikoroge mpaka uone mafundo ya tope yanajikusanya, kisha uache maji yatulie. Mbegu za mlonge zilizomenywa na kupondwa hufanya kazi ile ile, ila maji yake hayakai. Yatumie siku hiyo hiyo. Zipo pia pakiti za unga za P&G zinazogandisha tope na kutia klorini kwa pamoja: pakiti moja kwa lita kumi, koroga dakika tano, subiri tope lizame, chuja kwa kitambaa, subiri dakika 20. Kwa maji machafu sana sijui kitu kidogo kuliko pakiti hiyo chenye faida kubwa kama yake.

Halafu kitambaa. Usikidharau. Bakteria wa kipindupindu huishi kwa asili kwenye maji ya mlangoni mwa mito, yaliyochanganyika chumvi na baridi, wakijishikiza kwenye vidudu vidogo vya majini vinavyoonekana kwa taabu. Bangladesh, watafiti waliwafundisha wanawake wa vijijini kuchuja maji kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Vidudu vile vinanaswa na kitambaa, na bakteria waliovishikilia wananaswa navyo. Kanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika, ikunjwe mikunjo minne au zaidi, inatosha. Kanga mpya yenye wanga, au ya nailoni, haifai. Kitambaa hakikupi maji salama peke yake, ila kinalipunguzia chujio lako mzigo kwa kiasi utakachokiona kwa macho.

Unamzuia nani?

Boksi litakuambia ukubwa wa matundu kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Namba hiyo ndiyo ya kusoma kwanza; maneno mengine ya kwenye boksi ni mapambo.

Vijidudu vikubwa, kama giadia, amiba na kriptosporidiamu, vina mikroni nne na kuendelea. Bakteria wa kipindupindu, taifodi na kuhara damu wana unene wa nusu mikroni hivi. Virusi ni vidogo mno: kile cha homa ya ini A kina takriban mikroni 0.03, na kile cha rota kinachoharisha watoto ni 0.07. Sasa machujio mengi ya mkononi yana matundu ya 0.1 au 0.2. Unaona mwenyewe: bakteria anazuiwa, kirusi anapita akitembea.

Jina la kampuni halikusaidii hapa. LifeStraw ndogo ya kunyonyea ina matundu ya 0.2, wakati LifeStraw Family, ile kubwa ya kutundika ambayo karibu laki tisa ziligawiwa majumbani magharibi mwa Kenya mwaka 2011, ina matundu ya 0.02 na huzuia virusi pia. Kampuni moja, jina moja, kazi mbili tofauti.

Je, virusi ni tatizo la kweli kwa mtu wa mtumbwi? Mtoni mbali na watu, kidogo. Karibu na makazi, ndiyo, na cha ajabu hatari hiyo huja zaidi na maji yanayopendeza machoni. Ukanda huu una visima vya maji matamu hatua chache kutoka baharini. Kile cha magofu ya Kaole ni maarufu kwa hilo. Maji ya mvua yaliyozama ardhini huelea juu ya maji chumvi chini ya mchanga, na kisima kifupi huyafikia. Lakini mchanga huo huo hupitisha na maji ya choo kilichochimbwa jirani. Maji ya kisima yatatoka meupe, chujio litayapitisha kwa kasi inayofurahisha, na ukiwa na chujio la 0.1 peke yake, virusi vitakuwemo. Ukiteka kisimani penye nyumba za watu, klorini si hiari.

Habari ya klorini ni fupi. Kidonge cha miligramu 67, kama cha WaterGuard au Aquatabs, ni cha dumu la lita 20. Kwa maji meupe weka kimoja, yenye ukungu viwili, subiri nusu saa. Klorini huua bakteria na virusi lakini hushindwa na kriptosporidiamu. Chujio linaikamata kriptosporidiamu lakini linapitisha virusi. Ndiyo maana vinakwenda pamoja, chujio kwanza kisha kidonge. Kama chujio lako lina mkaa ndani, kidonge kiwe baada yake bila ubishi, maana mkaa hunyonya klorini ukaisha ulinzi wako. Mkaa wenyewe unaboresha ladha na kupunguza baadhi ya dawa za mashambani. Ukipita chini ya mashamba ya mpunga au miwa una faida, ila hushiba baada ya muda na kuhitaji kubadilishwa.

Aina zilizopo, na ninavyoziona

La nyuzi ndilo lililoenea zaidi. Ndani yake kuna mamia ya nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, na kuta za nyuzi hizo zina matundu ya 0.1 au 0.2. Ni jepesi, halina betri, na linaweza kusafishwa kwa kusukuma maji safi kinyume. Kwa mtu mmoja au wawili, chukua la kukamua: unajaza mfuko au chupa, unafunga chujio mdomoni, unakamua. Sawyer na Katadyn wanayo ya namna hii. Kabla ya kulipa, jaribu kulifunga kwenye chupa ya kawaida ya maji inayouzwa Tanzania. Mifuko inayokuja nalo hupasuka kwa kukamuliwa sana, na siku itakapopasuka utataka chupa yoyote uliyonayo ikufae.

Kwa watu wanne na zaidi, la kutundika. Mfuko wa maji machafu unaning'inizwa kwenye tawi la mkoko au mlingoti, maji yanashuka yenyewe kupitia chujio hadi kwenye dumu. Unalifunga, unakwenda kupika, unarudi dumu limejaa. Mtu aliyepiga kafi tangu alfajiri hana mikono ya kukamulia lita 20 jioni. Usijidanganye kwamba mtapokezana, mtapokezana siku ya kwanza tu. Kama kundi lenu litanunua kitu kimoja, kiwe hiki.

La kauri ni la zamani, zito, na ukiliangusha kwenye mwamba umelipoteza. Ufa wake unaweza usionekane kabisa. Lakini lina sifa moja ambayo mengine hayana: likiziba kwa tope unalisugua uso wake kwa brashi na linaanza upya, mara nyingi sana. Anayepiga dago la wiki nzima kando ya mto, ambaye kambi yake haihamihami, atafurahishwa nalo. Ndoo mbili zilizopandishana zenye mshumaa wa kauri katikati, kama zilizopo kwenye nyumba nyingi mjini, hufaa kambini vizuri kuliko pampu ya bei mbaya.

Chupa za kugandamiza, kama Grayl, huzuia hata virusi na hutoa kama robo tatu ya lita kwa mkupuo mmoja. Ni nzuri kwa msafiri wa mjini. Sehemu yake ya ndani haisafishwi, hutupwa na kununuliwa nyingine, na tope la masika huimaliza mapema. Hakikisha kwanza utaipata wapi hiyo nyingine.

Taa za mwanga wa urujuanimno siziungi mkono kwa safari hii. Mwanga haupenyi tope, na kifaa cha betri ndani ya ngalawa inayoloa maji chumvi kutwa kina maisha mafupi.

Aina zote hizo hutoka nje; swali la nani atengeneze machujio ya kwetu nalo lina mwanzo mzuri. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015, mara ya kwanza kutolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio linalounganisha mchanga na teknolojia ya chembe ndogo sana, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Ni la nyumbani na vituo vya maji, halikubuniwa kwa mtumbwi. Ila wazo lake, kuanza na maji ya mahali ndipo uje kwenye chujio, ndilo sahihi.

Dukani

Uliza ushahidi wa vipimo. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kupima vifaa vya kusafisha maji vya majumbani na kuvipa nyota: tatu na mbili ni kwa vinavyozuia bakteria, virusi na protozoa kwa pamoja, nyota moja ni kwa vinavyozuia makundi mawili kati ya hayo matatu. Si kila chujio la kambini limepitia hapo, lakini lililopitia lina cha kujivunia. Alama ya TBS nayo itafute.

Idadi ya lita iliyoandikwa, elfu kadhaa au laki kadhaa, ni ya maji safi ya maabara. Igawe kwa kiasi kikubwa unapofikiria Ruvu. Cha kuangalia zaidi ni kama bomba la sindano la kusukumia maji kinyume limo ndani ya boksi, au chujio lina njia yake nyingine ya kujisafisha. Chujio la nyuzi lisiloweza kusafishwa, kwa mto wa tope, ni la safari moja.

Linunue angalau wiki moja kabla. Nyumbani, lilowanishe vizuri kwa kupitisha maji mengi, kisha jaribu kupuliza hewa kwa mdomo upande wa kuingilia maji machafu. Nyuzi zikiwa zimeloa na nzima, hewa haipiti kirahisi. Ikipita kama kwenye mrija mtupu, kuna nyuzi zimekatika; lirudishe dukani. Jaribio hili rudia kila liangukapo mahali pagumu.

Ukiwa kambini

Weka ndoo moja ya maji ya mto na dumu la maji ya kunywa, na vyombo hivyo visibadilishane kazi. Vipake rangi tofauti au vifunge kamba ya rangi, kwa sababu jioni gizani kila ndoo ni ndoo. Nchi nzima iliona jinsi kipindupindu kinavyosafiri kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani. Hakihitaji zaidi ya kata moja iliyotoka kwenye ndoo mbaya kuingia kwenye nzuri. Mdomo wa chujio unaotoa maji safi usiguse mkono wala mfuko wa maji machafu.

Sukuma maji kinyume kila jioni, hata kama chujio bado linatoa vizuri. Tumia maji yaliyokwisha kuchujwa. Tope likilala ndani na kukauka huwa gumu kulitoa. Safari ikiisha, lioshe kwa maji ya bomba, pitisha maji yenye matone machache ya klorini, likaushe kabisa kivulini siku kadhaa kabla ya kulifungia. Likizidi kuwa zito kupitisha maji kwa sababu ya chokaa ya maji ya kisima, liloweke kwenye siki. Na kama utalipandisha Kilimanjaro mwezi mwingine, lala nalo ndani ya blanketi: likiloa likaganda, nyuzi hupasuka bila kuonyesha alama yoyote, na chujio hilo halifai kurudi mtoni.

Chujio likikushinda kabisa, moto upo. Maji yakichemka vilivyo kwa dakika moja, hakuna bakteria, kirusi wala amiba atakayebaki. Yatulize na kuyapitisha kanga kwanza, kisha chemsha. Tatizo la kuchemsha ni kuni, muda, na maji ya moto kwa mtu mwenye kiu. Chemsha usiku yapoe hadi asubuhi.

Fedha yako ikitosha kitu kimoja tu kwa sasa, acha chujio. Nunua madumu mawili yenye mifuniko isiyovuja, pakiti ya vidonge vya klorini na ndoo yenye kamba, uyajaze kwenye bomba la Mbegani kabla ya kuondoka, na uende safari ya siku mbili. Chujio la kutundika litafuata mtakapoamua kupanda mto.